Ijumaa ya Ami Twaha

Kila alfajiri, kabla sijafumbua macho, nilisikia mawe mawili yakiburutwa kwenye changarawe nje ya dirisha letu. Kisha mlango wa gari ukabamizwa mara tatu, kwa kuwa mara moja haukukubali kufunga, na sauti ya Baba ikaupasua mtaa: "Haya, sukumeni!" Harufu ya petroli ilikuwa imeshaingia ndani, imechanganyika na ya chai ya Mama na ya tope la masika, nasi watoto tukajua siku imeanza. Watu wa mitaa mingine ya Nairobi waliamshwa na saa au redio. Sisi wa Shauri Moyo, angalau wa safu yetu ya nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, tuliamshwa na pikapu.

Ilikuwa pikapu ndogo ya Kijapani, kuukuu tangu siku ya kwanza niliyoijua. Rangi yake ya samawati ilibaki chini ya viti tu, mahali jua lisipofika. Kwingine kote ilikuwa kutu na viraka vya bati alivyogongelea Baba mwenyewe, maana kazi yake ilikuwa kuunda masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Babu aliinunua ikiwa imeshatumika, na alipofariki aliwaachia wanawe wawili, Baba na mdogo wake, Ami Twaha. Stata ilikufa kabla mimi sijaanza shule. Mtu mwingine angeitengeneza. Baba alicheka. "Stata ya nini," alisema, "na Mungu kanipa majirani?" Basi kila jioni aliiegesha juu ya mteremko, pua ikitazama chini kwenye barabara kubwa, mawe mawili mbele ya magurudumu, na asubuhi majirani wakaisukuma. Ikawa desturi ya mtaa. Hukuombwa wala hukushukuriwa. Ukiona pikapu ya Fundi Athmani inaanza kutambaa, unaweka chini ulichobeba, unaegemeza mabega, unasukuma. Wazee waliotoka kuswali walikunja kanzu zao kiunoni. Wanawake waliacha ndoo kwenye mfereji. Kulikuwa na mwalimu mmoja mtanashati ambaye kwanza aliitupa tai yake begani, kisha akasukuma na wenzake. Gari likishika mwendo, Baba aliachia klachi, likapiga chafya, likatutemea moshi mweusi usoni, likanguruma, na watu wote wakashangilia. Nilikuwa na miaka kumi, na nilidhani magari yote ya dunia huwashwa hivyo.

Mtaniambia hayo ni mambo matamu. Ngojeni kwanza. Baba yangu alikuwa mtu wa mkono. Aliipiga pikapu na alitupiga sisi, na mara nyingine sikuona tofauti. Kabureta ikizingua aliigonga kwa nyundo huku akiitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, halafu akaingia ndani mkono bado unamwasha, na ole wake atakayekuwa karibu. Nyuma ya mlango wetu, kwenye msumari, ulining'inia mkanda wa feni uliochakaa, uliotoka kwenye injini ile ile. Kama hujawahi kupigwa kwa mkanda wa feni, shukuru. Ni mpira mzito wenye nyuzi ndani, na ngozi ya mtoto haiuwezi. Mama alikuwa na mzaha wake: "Hili gari ni mke mwenza wangu, tena ndiye kipenzi." Majirani walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu siku moja Mama alianika leso juu ya kioo cha pembeni, na Baba akamsukumiza kwenye bodi mpaka mdomo ukapasuka. Leso aliikunja akajifutia damu, akaenda kupika.

Ami Twaha hakufanana naye hata kidogo. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye sauti ya chini, akiishi na mkewe upande wa Kaloleni na kuuza nguo za mitumba. Kwa kuwa gari lilikuwa la wote wawili, makubaliano yao yalikuwa kwamba Ijumaa ni yake. Kila Ijumaa alikuja, akanipa peremende, akasukumwa, akaenda zake na mabunda yake, na jioni akairudisha. Mpaka Ijumaa moja ikarudi na taa ya mbele imevunjika. Baba hakuuliza nani kaivunja wala vipi. Alimpiga ngumi ya mdomo mbele yetu sote, pale pale mlangoni. Ami alitema meno mawili kiganjani, akayatazama, akayatia mfuko wa shati. "Ijumaa zako zimekwisha," Baba akamwambia. Ami aliondoka. Ulipita mwaka na zaidi hatujamwona mtaani kwetu, na katika muda huo watu walihama, wengine wakahamia, akiwemo muuza makaa mmoja aliyeitwa Mutua, bwana mkubwa wa mwili na mpole, aliyeweka magunia yake mkabala na mlango wetu. Mutua hakumjua Ami Twaha. Alichojua ni desturi ya kusukuma, na hakuna aliyesukuma kwa moyo kumshinda.

Ulikuwa mwezi wa nne, mwanzoni mwa miaka ya themanini, shule zimefungwa. Siku chache kabla ya Ijumaa ninayoisimulia, nilipita kando ya pikapu na beseni kichwani, likaniponyoka, likakwaruza mlango. Mkwaruzo wenyewe, wallahi, ungehitaji miwani kuuona katikati ya kutu yote ile. Baba aliuona. Niliula ule mkanda wa feni mpaka nikalala kifudifudi siku mbili, na Mama akanikanda mgongo kwa maji ya chumvi huku akilia kimya kimya. Nilipoweza kukaa, Baba alinipa kazi ya likizo. Asipokuwapo, mimi ndiye mlinzi wa gari. "Mtu yeyote akiligusa, hata awe nani, piga kelele," aliniambia, kidole kikiwa mbele ya pua yangu. "Likiondoka hapa hukupiga kelele, mimi na wewe." Hakumalizia, na hakuwa na haja ya kumalizia.

Ijumaa hiyo wanaume wa Kiislamu wa mtaani walikwenda msikitini kuswali, Baba akiwa wa kwanza, naye Mama alikuwa sokoni Gikomba. Nilikuwa nimekaa kizingitini, majeraha yakiniwasha chini ya gauni, ndipo nikamwona Ami Twaha anapanda mteremko. Alikuwa amevaa shati jipya na kofia, anatabasamu na pengo lake. "Mwanangu Zuhura, umekua!" akasema. Kisha akaniambia kwamba mke wake amejifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji, hospitali imemruhusu atoke leo, na yeye hawezi kumrudisha nyumbani kwa miguu mtu mwenye kidonda na kichanga mkononi. "Leo si Ijumaa? Mwambie Baba nimechukua Ijumaa yangu moja tu. Jioni naileta." Nikamwambia, "Ami, Baba atanipiga." Akaniwekea mkono kichwani. "Hakupigi. Nitamwambia mwenyewe." Akayavuta yale mawe mawili, akaingia, akachomeka kipande cha bati mahali pa ufunguo, na pikapu ikaanza kutambaa.

Mtaa ukafanya ulichozoea kufanya. Mutua akaacha gunia wazi akaja mbio. Vijana wawili waliokuwa wakicheza drafti wakainuka, wapangaji wapya wa nyumba ya tatu wakatoka, mmoja akisema, "Haya basi, tumpige jeki mzee!" Hakuna aliyechungulia ndani kuona ni nani ameshika usukani. Nani achungulie? Gari lilikuwa lile lile na mteremko ule ule. Wakasukuma, likapiga chafya, likawaka, wakashangilia, Mutua akapangusa viganja vyake vyeusi kwenye suruali na kurudi kwenye makaa yake. Nami nimesimama pale penye mawe mawili.

Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, na bado nikiulizwa nilifikiri nini dakika ile nitasema ukweli: nilifikiri mgongo wangu. Sikumchukia Ami. Nilimpenda kuliko Baba, kama mnataka kujua. Lakini niliuona mkanda kwenye msumari waziwazi, nikasema moyoni kwamba nikipiga kelele, hata gari likienda, Baba atakuta nimepiga kelele. Ni hilo tu. Hesabu ya mtoto mwoga. Nikafumba macho, nikakusanya pumzi yote, nikapayuka: "Mwizi! Mwizi! Mwizi wa gari la Baba!"

Nilipofumbua macho, mtaa ulikuwa umebadilika. Mutua alikuwa anatazama viganja vyake. "Mungu wangu," akasema, "tumemsukumia mwizi!" Ile haya niliyoiona usoni mwake ilikaa kitambo kidogo sana, kisha ikageuka hasira, na hasira ya mtu mpole aliyeaibishwa ni kitu cha kuogopa kuliko ya Baba. Akaokota ubao wa kreti. Vijana wa drafti wakaokota mawe, yakiwemo yale mawili yetu. "Mwizi huyo! Mshike! Mshike!" Milango ikafunguka safu nzima, watu wasiojua lolote wakatoka na michi, na fimbo, na mikono mitupu, wote wakiteremka mbio kama maji ya mvua. Nikawafuata huku napiga kelele nyingine, "Ni Ami! Ni ami yangu jamani! Si mwizi!" Nawaambia, sauti yangu niliipaza mpaka koo likatoa ladha ya chuma. Kelele yangu ya kwanza ilitosha kuwaamsha watu mia. Ya pili hakuna aliyeisikia.

Pikapu ile ilikuwa na tabia ya kuzimika ukifika njia panda usipoendelea kukanyaga mafuta. Baba aliijua. Ami naye aliijua zamani, lakini mwaka mzima bila kuiendesha ulimsahaulisha. Ikazimika hapo kwenye barabara kubwa, na alipotoka ili aitazame, akawaona wanamjia. Alidhani wanakuja kusukuma. Naapa alitabasamu. Akainua mkono kuwashukuru, na jiwe la kwanza likampata kwenye kifua.

Sitaki kuandika sana kuhusu yaliyofuata, lakini nisipoandika nitakuwa nadanganya. Walimpiga mpaka akaanguka, kisha wakampiga kwa kuwa ameanguka. Sauti ya ubao mgongoni mwa mtu si kubwa, ni ya kubweka tu, kavu. Kijana mmoja wa drafti alikuwa akiruka na kutua juu yake kwa miguu miwili huku anacheka. Mwanamke mmoja, mwenye mtoto mgongoni, alivua kiatu akampiga nacho kichwani, mara tatu, akakivaa tena akaenda zake sokoni. Shati jipya lilikuwa limejaa tope na damu, na uso hukuweza kuujua ni wa nani. Niliwang'ang'ania miguu, nikawauma, mtu akanirusha kando nikajigonga kwenye bampa. Ami alikuwa amejikunja, mikono juu ya kichwa, na kila alipofungua mdomo aseme yeye ni nani, mdomo ule ule ndio waliolenga.

Ndipo swala ikaisha. Niliwaona kina Baba wanatoka kona ya msikiti, kofia nyeupe nyingi, na Baba mbele yao anakimbia, kwa sababu alikuwa ameiona pikapu yake mahali isipopaswa kuwa. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, ameokoka. Baba hakunitazama. Alipita katikati ya watu, wakampisha, "Mwenye gari huyo! Mpisheni mwenye gari!" Akainama kwenye mlango wa dereva, mkono ukaingia chini ya kiti bila kutafuta, ukatoka na spana ya magurudumu. Nikalia, "Baba, ni Ami!" Aliinua spana kwa mikono miwili, akaishusha juu ya mkono wa kulia wa yule mtu aliyejikunja, na nikasikia mfupa. Akaiinua tena. Chini pale ikatoka sauti ndogo, iliyovimba, ikasema, "Kaka."

Spana ilibaki juu. Sijawahi kuona mtu akisimama namna ile. Kisha Baba akaiangusha, akajitupa juu ya mdogo wake mzima mzima, kanzu nyeupe ikamfunika, na kwa kuwa watu hawakuelewa, wakaendelea. Mapigo matano au sita yaliyofuata aliyapokea Baba yangu, mgongoni, bila kujikinga, akipiga mayowe ambayo hayakuwa maneno. Wazee wa msikitini ndio waliowavuta watu mmoja mmoja na kuwaambia, "Ni mtu na nduguye! Mnaua watu!" Umati ukanyamaza pole pole kutoka mbele kwenda nyuma. Mutua aliuangusha ubao wake. Damu ilikuwa imemrukia mpaka kwenye nyusi.

Ami alikuwa anapumua vibaya, kwa mikoromo, na povu jekundu lilimtoka. Walimpakia nyuma ya pikapu, Baba akaketi naye, kichwa chake mapajani, na mzee mmoja aliyejua kuendesha akashika usukani. Gari halikuwaka. Bila shaka halikuwaka. Ikabidi lisukumwe, na waliokuwapo kusukuma ni wale wale. Hakuna aliyesema "haya". Waliegemea wakasukuma, Mutua katikati, machozi yanachuruzika kwenye vumbi la makaa, na safari hii lilipowaka hakuna aliyeshangilia. Nilibaki barabarani na kofia ya Ami mkononi. Mke wake aliyengojea hospitalini na kichanga chake aliletewa mume wake mle mle, juu ya machela.

Ami Twaha hakufa. Wiki tatu za kwanza hatukujua kama atapona, na kila alfajiri Baba alikwenda hospitali, akarudi, akaketi ndani ya pikapu bila kuiwasha. Mkono wa kulia haukurudi kuwa mkono. Vidole vilikunjika vikabaki hivyo. Baba alimleta kwetu pamoja na mke na mtoto, akawapa chumba chetu, sisi tukalala jikoni. Ningependa kuwaambia kwamba Baba alibadilika. Mkanda aliutoa kwenye msumari, ni kweli, na sikuona alikoutupa. Lakini hasira haikumtoka, ilitafuta tu pa kwenda, na swali lake likawa moja, asubuhi na jioni: "Nani aliita mwizi?" Alimuuliza Mama, akawauliza majirani, kila mmoja akidai alisikia kelele tu asijue ni za nani, akaniuliza mimi. Nikasema sijui, nilikuwa msalani. Akamuuliza Ami, naye akasema hakuona, alikuwa anatazama mbele.

Basi mtu mmoja akasema wa kwanza kukimbia alikuwa Mutua, na kwa Baba hiyo ikatosha. Ilikuwa asubuhi, Ami amekaa kwenye kiti mlangoni petu, mkono umefungwa. Baba alimburuta Mutua kutoka kwenye magunia yake kwa ukosi wa shati, akamleta mbele ya Ami, akamwambia apige magoti. Bwana mkubwa kiasi kile, angeweza kumvunja Baba vipande viwili. Alipiga magoti. Alijua kosa lake la kweli na alidhani ndilo analolipia. Baba alimpiga ngumi za uso mpaka mikono yake mwenyewe ikachubuka, na Mutua hakuinua mkono hata mara moja. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Ami, nimeshika mgongo wa kiti. Ami alisema, "Kaka, basi." Hakusema zaidi ya hapo. Kabla ya wiki kwisha Mutua alikuwa amehama, magunia na yote, na hakuna aliyejua alikokwenda.

Baba aliiweka pikapu mpaka alipofariki, na aliiacha kwangu, sijui kwa nini. Sasa ninaishi Donholm, nyumba yenye geti, na gari lina stata mpya. Ukizungusha ufunguo linawaka, na hakuna jirani anayejua kama umetoka au umerudi. Mwezi uliopita binti yangu wa mwisho, anayejifunza kuendesha, aliligongesha getini akabonyeza bampa nzima. Aliingia ndani anacheka, "Mama, utaniua, njoo uone nilichofanya!" Utaniua, anasema, na huku anacheka. Nilimtazama uso, nikatafuta woga, sikuuona hata chembe. Nikaenda chumbani nikafunga mlango, nikalia mpaka nikatapika.

Siku ya pili nilikwenda kwa Ami Twaha. Ni mzee sana sasa, anakaa na yule mwanawe aliyezaliwa wiki ile. Nilimwambia yote: kwamba ni mimi niliyeita mwizi, na kwa nini. Alinisikiliza akisugua vile vidole vyake vilivyokunjika. "Najua," akasema. "Nilikuona kwenye kioo. Ulikuwa umefumba macho, mdomo wazi. Injini ilinizuia kusikia, nikaja kuelewa waliponipiga." Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hii. Akashangaa, kama vile nimeuliza jambo la kitoto. "Ningesema, baba yako angekuua. Mkono ule mimi nilikua chini yake kabla hujazaliwa." Akaniambia alinisamehe siku ile ile, nyuma ya gari, kabla hawajafika hospitali. Nilimbusu mkono nikadhani tumemaliza. Lakini hakuuachia wangu. Akasema, "Na Mutua je? Mimi na wewe tulijua kuwa si yeye, Zuhura. Nilikuwa nimekaa, wewe umesimama nyuma yangu, na sote wawili tulinyamaza."